Sentimita Nne za Nyonga

Zipu iligoma kwenye nyonga. Fundi akaishusha, akaipandisha tena taratibu, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Ikagoma pale pale.

"Vuta pumzi, wifi."

Bibi harusi, mchumba wa kaka yake fundi, alivuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika. Harusi ilikuwa kesho asubuhi, na satini nyeupe ilikuwa imeachana mgongoni kwa vidole viwili.

"Msimlaumu fundi," shangazi yake fundi alisema kutoka kwenye kochi, kikombe mkononi. "Zipu haijui kusitiri wanaokula kwa siri."

Mama yake fundi alicheka, akaziba mdomo. Bibi harusi hakucheka.

"Sijala cha jioni wiki nzima, shangazi."

"Basi umejaliwa. Wenzetu wakinusa tu sufuria, wananenepa."

Fundi alipiga magoti nyuma ya wifi yake, pini mdomoni. Akamzungushia futi kamba nyongani: sentimita mia moja, kipimo kile kile alichochukua mwezi uliopita. Akapima gauni lenyewe. Tisini na sita.

Alikuwa na stashahada ya ubunifu wa mavazi, imetundikwa ukutani juu ya cherehani. Mtaani walimwita Asilimia, kwa sababu hakuwahi kusema "kidogo" pale alipoweza kusema "asilimia tano". Mwanzoni gauni lilitakiwa la kupwaya, akaongeza asilimia ishirini kwenye karatasi ya kukatia. Mia ikawa mia na ishirini. Kisha wifi akabadili nia, akataka la kubana. Fundi akaona ni kazi ndogo: niliongeza ishirini, napunguza ishirini, tunarudi tulikotoka. Lakini asilimia ishirini ya mia na ishirini ni ishirini na nne. Hawakurudi walikotoka. Walipitiliza.

Masikio yake yakawaka moto.

"Kaka yako alituonyesha kiuno cha nyigu kwenye picha," shangazi alikuwa akimwambia fundi. "Kumbe picha haina mizani."

"Jamani, shangazi," alisema mama, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikia zaidi.

"Nitatia kipande ubavuni," fundi alisema kati ya pini. "Hakitaonekana." Hakusema kwa nini kilihitajika.

Bibi harusi aliinamisha kichwa, akanong'ona, "Nisamehe, wifi. Nimekuharibia kazi yako."

Fundi alitema pini kiganjani. Zilikuwa zimeloa.

"Hujanenepa," alisema, kwa sauti iliyofika kwenye kochi. "Nyonga zako ni zile zile. Mimi ndiye niliyekosea hesabu."

Shangazi akatua kikombe. "Wewe? Asilimia mzima?"

"Mimi. Asilimia ishirini ya kitu kikubwa ni nyingi kuliko asilimia ishirini ya kitu kidogo. Nilitoa zaidi ya nilichoweka."

"Sijaelewa hata chembe. Ila nimeelewa kwamba tumemsimanga mtoto wa watu bure."

Mama alianza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Bibi harusi akageuka. "Umejua saa ngapi?"

"Nilipopima."

"Kabla ya maneno ya nyigu, au baada?"

Fundi aliangalia futi kamba sakafuni. "Kabla."

Wifi yake aliitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyepewa bei akaikubali. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi amevaa nguo zake za kawaida, akalitua gauni mapajani mwa fundi bila kulitupa. Afadhali angelitupa.

"Fumua, wifi. Mimi nakwenda kula."

Shangazi aliinuka haraka. "Ngoja nikupakulie, mwanangu."

"Asante, shangazi. Nitajipakulia."

Mlango wa jikoni ukafungwa. Fundi akachukua wembe, akautia kwenye mshono wa kwanza. Shangazi na mama walimtazama mikono.