Moyo Chini ya Saruji

Wewe unayesikiliza, unaweza kuhesabu mapigo ya moyo wako bila kujigusa mkono? Usijisifu mapema. Miaka ile ya Zaïre, Dokta Hubert alitoka Ulaya na mashine mpaka Kalemie kutafuta jibu hilo. Dawa ya malaria alikuwa amesahau kuibeba.

Akapewa ofisi, ile biro ya chef wa kartie, mkuu wa mtaa. Watu walikaa kwenye benchi mmoja mmoja, mikono juu ya magoti, wakihesabu kimoyomoyo huku mashine ikihesabu kifuani. Wengi walikosea. Papa Basile, mpiga ngoma wa chama tawala, alihesabu ngoma ya asubuhi badala ya moyo, akapongezwa.

Ikafika zamu ya Mama Pascasie, mwanika ndakala, wale dagaa wa ziwa, pale ufukweni. Mume wake, Papa Anatole, alikamatwa kwa kukosa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Tangu hapo chef alisema hayuko, amevuka ziwa kwenda Kigoma na mwanamke mwingine. Kila juma Pascasie alikuja kumdai. Kila juma, akimuona chef, mdomo ulitoa salamu tu, bonjour, naye akarudi kwenye samaki wake.

Alihesabu. Hesabu yake ikawa mara mbili ya ile ya mashine.

“Mama, umekosea,” dokta alisema.

“Sikukosea. Nusu njo yangu. Ile ingine inatoka huku chini, njo ya Papa Anatole. Inachechemeaka, tangu alipata homa kule Moba.”

Dokta, mtu wa sayansi, akaitoa mashine kifuani, akaiweka sakafuni. Ikaanza kuhesabu. Akaandika: saruji iko hai, ila haijala vizuri.

“Njo jengo la serikali,” chef alisema. “Tulijenga muzuri.”

Watu kwenye foleni wakakubali kwamba limejengwa vizuri. Mmoja akauliza kama bado kutakuwa na kukawia.

Lakini sakafu haikunyamaza, ikaharibu vipimo vya wengine. Chef, mtu wa huruma, hakutaka mgeni asumbuke. Akaitisha salongo: kila mama alete beseni la mchanga, sakafu iongezwe unene. Jumamosi wakaja, wakaimba wimbo wa chama. Pascasie naye alikuja, beseni kichwani. Chini ya nyayo zake moyo ule ulichechemea, pole pole kuliko juzi.

“Mwaga, mama, saruji inakauka,” chef alisema.

Wenzake walikuwa wanamwaga ya kwao. Pascasie akatua beseni. Bonjour ikamfika mdomoni, akaimeza.

“Chef,” alisema, “kila juma nilikuwa nakuja juu ya bwana yangu. Munirudishie.”