Sehemu ya Mukendi

Mashine ya kusaga pale Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi wa shaba, tuliinunua watu watatu: mimi, Kisimba na Mukendi. Nusu ya bei tulitoa mfukoni, nusu tulikopa kwa mfanyabiashara wa Manika. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Mazutu, yaani dizeli ya mashine, ilipokuwa rahisi, tulimlipa mdai, tukajaza tangi, kilichobaki tukagawana. Mukendi aliezekea nyumba yake mabati. Kisimba alitaka kumnunulia sehemu yake, Mukendi akakataa.

Kisha mgodi ukaacha kulipa mishahara. Mazutu ikapanda kila wiki, na akina mama waliokuwa wakileta magunia wakaanza kuleta mabakuli. Tukipandisha bei, wanarudi kwenye vinu vyao. Mdai naye hakujali mazutu inauzwa vipi. Alichukua kwanza. Sisi tulibaki na kelele ya mashine, mwishowe hata kelele hatukuwa nayo.

Huo ndio ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, watu wenye asili ya jimbo la Kasai walipofukuzwa na wenyeji. Mukendi alizaliwa Musonoi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Haikumsaidia kitu. Vijana walimtoa nyumbani, akaenda kulala na familia yake stesheni, kando ya reli, wakingoja treni.

Nilimfuata stesheni. Alitaka sehemu yake. Nikamweleza yote, mazutu na deni, na kwamba Kisimba hataki hata sehemu yangu kwa bei ya kuku.

"Tata Mukalay," akasema, "mwaka jana ilikuwa na bei. Leo banatufukuza, haina bei tena."

"Yangu pia haina. Ichukue."

"Nitaibeba na nini? Na kichwa?"

Ndaya, mke wake, akacheka kidogo, akaendelea kufunga mizigo.

Sijui kubembeleza mtu. Nilirudi nyumbani, nikachukua nusu gunia la unga wa watoto wangu, nikawapelekea. Hayakuwa malipo. Watoto wake walikuwa na njaa. Ndaya akapokea. Mukendi akautazama unga, akanitazama.

"Unaona," akasema taratibu. "Ilikuwa na bei. Nusu gunia."

Treni ikaja, wakapanda.

Wiki iliyofuata mdai alileta lori, akafungua mashine, akaiondoa yote, hata mkanda. Nilirudi stesheni kutafuta mtu wa kumpelekea Mukendi habari hiyo. Waliokuwa wakienda Kasai walikuwa wengi. Nilipowatajia jina langu, jina la wenyeji, walinigeuzia mgongo.