Wa Mgongoni

Mtumbwi wa injini wa Carlos ulijaa maji saa tatu asubuhi katikati ya mto, ukivuka kutoka Lubunga kwenda mjini. Kufikia saa tatu na nusu kikosi cha uokoaji kilikuwa kimeshatoa watu kumi na wanane, na Carlos alikuwa amepakia watu kumi na wanane. Mkuu wa kikosi, Benoît, mtu asiyepata usingizi hesabu zisipokaa sawa, aliandika namba hiyo mara mbili, akapiga mstari chini yake, kisha akawapigia simu wakubwa kwamba kazi imekwisha na hakuna aliyepotea.

Bavon, mmoja wa waokoaji, hakuwa anasikiliza simu. Alikuwa amepiga magoti kando ya mwanamke aliyetolewa mwisho, ambaye alipumua lakini hakufungua macho. Wenzake walikuwa wanaleta machela. Yeye alitazama kitenge. Kilikuwa kimefungwa juu ya matiti kwa mafundo mawili, moja juu ya jingine, na huku nyuma kimelegea kama mfuko uliomwagwa.

"Chef, huyu mama alikuwa anabeba mutoto."

"Alikuwa anabeba vitu," alisema Benoît. "Carlos, batu bangapi?"

"Kumi na nane, chef." Carlos alikuwa ameketi mchangani, meno yakigongana. "Nilihesabu muzuri."

"Na batoto ba mugongo?" aliuliza Bavon.

Carlos alimwangalia kana kwamba ameulizwa kama aliwahesabu na kuku. "Wa mugongo hatumuhesabu, papa. Iko na mama yake."

Hakudanganya. Hivyo ndivyo watu wanavyovuka pale: anayekaa kwenye ubao ni abiria, anayekaa mgongoni ni sehemu ya mama yake. Bavon mwenyewe alivushwa hivyo mara nyingi na hakuna aliyemhesabu.

Miaka sita nyuma mtumbwi mwingine ulizama juu ya maporomoko. Siku ile hesabu ilitimia vilevile, kikosi kikarudi nyumbani kula. Siku ya tatu baba yake Bavon, mvuvi wa kabila la Wagenia wanaotega samaki kwenye maporomoko hayo, aliinua mtego wake kwenye mawe akakuta mtoto wa kike ndani. Mzee hakuutumia tena mtego ule. Aliyeandika hesabu ya siku ile alikuwa Bavon, na tangu hapo hapiti kando ya mwanamke bila kuangalia fundo.

"Nimeshatoa ripoti," alisema Benoît. "Essence ya injini imebaki nusu bidon, na mvua ile inakuja. Alors, bakubwa nitabaambia nini?"

"Uwaambie hesabu haiyaisha."

"Bavon!"

Lakini Bavon alikuwa ameshaingia kwenye boti, na Carlos nyuma yake. Mwenye mtumbwi uliozama hana uso wa kukataa.

Mtu mwingine angerudi pale mtumbwi ulipozama. Bavon alizaliwa kwenye maporomoko, anajua kwamba mto hugawa mizigo: kizito hukipeleka chini na chepesi hukipeleka na mkondo. Kama mtoto alikwenda na kizito, hapakuwa na haraka tena. Kwa hiyo akafuata chepesi.

"Mama ule alikuwa na nini?"

"Beseni ya pondu," alisema Carlos. "Kubwa, ya bleu."

Walifuata bidoni tupu na kandambili zilizokuwa zikielea kushuka, hadi nyuma ya tishari bovu la mizigo lililokwama karibu na ukingo, mahali magugu ya mto hukusanyika. Mvua ikaanza. Bavon alizima injini, akalala kifudifudi kwenye pua ya boti, akayapangua magugu kwa mikono. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Kila kitu cheusi kilichojitokeza majini alikigusa kwanza kwa ncha ya vidole.

Beseni lilikuwa limekaa juu ya magugu, wima kabisa. Katikati ya pondu, yale majani ya muhogo, alilala mtoto wa miezi minne hivi, ameloa, ngumi mdomoni. Hakulia. Alikuwa amekasirika tu, mvua inamwingia machoni.

Bavon ndiye aliyelia. Carlos akageuka kukagua injini ambayo haikuwa na shida yoyote.

Jioni Benoît alimtuma hospitalini na fomu. Mstari kwenye daftari alikuwa ameufuta, na karatasi ilikuwa imetoboka pale. Bavon alimkuta yule mama, Malika, ameketi kitandani, mtoto yuko titini.

"Maji ilikuwa inapanda," alisema Malika kabla hajaulizwa. "Nikamutoa mu kitenge, nikamutia mu pondu, nikasukuma beseni. Kiisha sikuona tena kitu."

Bavon aliandika hayo yote polepole. Kisha akafika kwenye swali la mwisho la fomu.

"Mama, kwenu mulikuwa batu bangapi mu mutumbwi?"

Malika alimhamisha mtoto kutoka titi moja kwenda jingine, akafikiri kidogo ili asikosee.

"Nilikuwa mwenyewe tu, papa."

Bavon akaandika: wawili.