Anayefungwa Anavua Meno

Bibi Fundi alikuwa anakula vijiko viwili vya supu, kisha anasukuma bakuli. Nguo alizojishonea mwenyewe enzi zake zilianza kumpwaya.

"Akizidi kupungua, Ijumaa anakwenda hospitali akalishwe kwa mpira wa puani," msimamizi wa makao ya wazee alisema.

Mimi ndiye ninayewaosha wazee wa upande wake, na nilihisi tatizo liko mdomoni. Alikuwa analilinda shavu moja kama pochi. Lakini meno yake ya bandia hakuyavua hata usiku. Nikisogea na mswaki, anafumba mdomo.

"Nikiyatoa, yule ataniona. Usimwambie," alininong'oneza.

Yule ni Babu Dereva, mgane wa chumba cha jirani. Kila asubuhi, kabla sijafungua pazia, yuko mlangoni: "Mrembo, umeamkaje?"

"Bibi, fizi zinatakiwa zioshwe, zipumzike. Kama kuna kidonda humo..."

"Na wewe mchumba akibisha hodi, utamfungulia na mswaki mdomoni?"

Nikaurudisha mswaki kikombeni. Sina hata wa kubisha hodi.

Nikamfuata Babu bustanini. "Babu, Bibi hali chakula. Sababu naijua, ila nimekatazwa kusema."

"Basi usiseme." Akajipapasa shavu. "Upande gani?"

Nikatazama viatu vyangu. "Kushoto."

Mchana wakakaa kucheza karata kama kawaida yao. Mimi nikajifanya nakunja mataulo.

"Leo anayefungwa anavua meno," Babu akatangaza.

Bibi akabadilika uso, lakini kumkimbia mzee yule mezani ingekuwa aibu kubwa zaidi. "Gawa."

Babu ni mwizi wa karata, makao mazima yanajua. Siku hiyo aliiba vilevile, ila karata nzuri ndizo alizozichomeka kwenye soksi. Bibi akamwona.

"We mzee! Unaiba ili ufungwe?"

"Nimefungwa, basi!" Akayavua meno yake, juu na chini, akayatumbukiza kwenye glasi ya maji. Mashavu yakazama. "Haya mrembo, nitathame vithuri!"

Bibi akacheka mpaka akalishika shavu kwa maumivu.

"Mimi siupokei ushindi wa hongo," akasema. "Mjukuu, lete beseni. Na wewe mzee, geukia ukuta."

Babu akageuka. Bibi akayavua meno yake. Chini ya meno hayo, mabaki ya chakula yalikuwa yameganda juu ya kidonda chekundu. Nikakisafisha polepole kwa kitambaa laini na maji ya chumvi, kisha nikayasugua meno.

"Daktari wa meno atakuja kuyarekebisha. Mpaka kidonda kipone, yakae nje," nikamwambia.

Bibi akajigusa midomo iliyobonyea.

"Geuka," akasema.

Babu akageuka, akamtazama muda mrefu mpaka mimi nikaona haya.

"Kumbe tunafanana," akasema.

"Acha matuthi." Bibi akanishika mkono. "Mjukuu, jikoni kumebaki nini? Kitu laini."

"Cha kutotha wawili," Babu akasema, akivuta kiti.