Herufi Moja kwenye Ukuta wa Ofisi

Kila mtu mjini alikuwa na neno la kuwaitia watu wa mtaa ule, na neno lenyewe lilikuwa moja tu: wavamizi. Timu yao ya mpira ikishinda, wavamizi wamevamia. Ikifungwa, wavamizi wamefukuzwa. Mchora mabango, ambaye majirani walimwita Herufi tangu alipoanza kushika brashi, alilisikia neno hilo mara ya kwanza akiwa darasa la tatu. Mwalimu alimuuliza anakaa wapi, akajibu, na darasa zima likaangua kicheko. Alirudi nyumbani macho mekundu. Bibi yake alikuwa akipiga pasi mashati ya watu, wala hakuiweka pasi chini. Alimwambia wao hawakuvamia, walihamishwa, na siku nyingine akichekwa awaulize hao wenzake walifikaje walipo.

Sasa mtaa ulikuwa unatimiza miaka hamsini. Ofisi ya mtaa ilipakwa rangi upya, na Herufi akaitwa aandike historia ukutani, upande unaotazama barabara. Katibu wa mtaa, mtu wa miwani na mihuri, alimpa karatasi iliyopigwa chapa na ahadi juu yake: kazi hii ikipendeza, mabango ya majina ya njia zote thelathini na mbili yatakuwa yake. Kwa mchora mabango anayeishi kwa vibao vya saluni na gereji, hiyo ilikuwa kazi ya mwaka mzima.

Aliisoma karatasi palepale mlangoni. Iliandikwa vizuri. Ilisema huu ni mtaa wa mafundi, kwamba kiti kikivunjika katikati ya mji huletwa huku kupona. Ilisema vichochoro vimepinda kwa sababu nyumba za kwanza zilikwepa mashimo ya udongo wa matofali, na shimo kubwa kuliko yote ndilo uwanja wa mpira wa leo. Ilitaja hata mataruma ya reli yaliyobeba kuta juu ya milango. Yote kweli tupu. Kisha akafika mstari wa nne: Wakazi wa kwanza walivamia eneo hili.

Akamwambia katibu kuna kosa. Katibu akamjibu ndivyo faili linavyosema, na faili limemzidi umri. Herufi akauliza faili liliandikwa na nani. Liliandikwa na ofisi, akaambiwa, kana kwamba ofisi ina mikono.

"Binti, wewe ni mtu wa brashi," katibu akamalizia. "Kalamu tuachie sisi."

Alifika nyumbani anatokota. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaelekeza kidole mlangoni. "Kwangua," akasema.

Mlango ule ulipakwa rangi kila ilipokuwapo harusi. Herufi akachukua kikwanguo na msasa. Ikatoka kahawia ya harusi ya mjomba, ikafuata buluu ya mama yake, ikafuata kijani ambayo hata bibi alisahau ilikuwa ya nani. Chini kabisa, nyeupe juu ya mbao nyeusi, ikatokea 17. Herufi hakuhitaji kuelezwa na mtu. Tarakimu ile haikuandikwa na mkono wa mwenye nyumba. Ilipigwa kwa bati lililokatwa umbo, rangi ikapakwa juu yake, kazi ya ofisi.

Bibi akasimulia huku akikunja mashati. Waliishi kando ya reli. Reli ikapanuliwa. Manispaa ikaleta malori, ikawapakia na vitanda vyao na milango yao, ikawashusha kwenye udongo huu mtupu. Walipomaliza kusimamisha kuta, karani akapita nyumba hadi nyumba na kopo la rangi, akipiga namba milangoni.

"Hebu niambie," bibi akasema, "ni mvamizi gani huyo anayepewa lifti na anayemvamia?"

Habari haikulala. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unakwangua milango. Ikapatikana 9, ikapatikana 22, ikapatikana 31. Fundi seremala wa kona alikwangua mpaka mlango ukakaribia kutoboka asipate kitu, akatangaza kwamba basi huenda yeye peke yake ndiye aliyevamia kweli. Walimcheka hadi jioni.

Herufi akapanda ngazi, akapiga mistari kwa uzi wa chaki, akaanza kuandika. Mistari mitatu ilitiririka. Kwenye wa nne mkono ukawa mzito, maana mabango thelathini na mawili si mchezo. Mwisho akaitoa v, akaweka h. Wakazi wa kwanza walihamia eneo hili. Herufi moja, nani angegombana kwa herufi moja? Ila kabla ya a ya mwisho aliacha pengo, upana wa kiganja, bila kumwambia mtu kwa nini.

Bibi alikuja kusoma, mkono kiunoni. Alisoma mara mbili.

"Walihamia," akasema. "Kwa hiyo nilijifungasha mwenyewe, nikatafuta hewa nzuri. Mjukuu wangu, umenishusha katikati ya safari."

Halafu akaondoka zake, na maneno yale yakabaki pale chini ya ngazi.

Asubuhi ya kukabidhi kazi, majirani walijaa barabarani. Katibu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Aliona h. Aliona pia pengo, akasema hata nafasi za herufi zimekosewa. Lakini hakufoka, alimsogelea, akampa njia ya kutokea. Aseme mbele ya watu kwamba aliteleza, aombe radhi, airudishe v iliyo kwenye faili, na mabango yote ni yake, leo hii. Akamnyooshea karatasi ya kazi hiyo.

Herufi akatazama watu. Fundi seremala alikuwa na vumbi la msasa hadi kwenye nyusi. Bibi alisimama mbele, hakumkonyeza wala hakumtikisia kichwa. Akafungua kopo, akapanda ngazi. Katibu akatabasamu, akijua anakwenda kusahihisha.

Alijaza pengo. Aliandika s, akaandika h, akaandika i, akaandika w, bila haraka, kila mguu wa herufi ukikaa juu ya chaki. Zilienea pale kama zilizopimwa. Bibi akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, ili hata aliye nyuma asikie: Wakazi wa kwanza walihamishiwa eneo hili.

Katibu alikuwa bado amemnyooshea karatasi. Akamwambia bado ana nafasi, neno moja tu la radhi na yaishe.

Herufi akashuka, akaifuta brashi kwa kitambaa hadi ikatakata.

"Mabango mpe mwingine," akasema. "Neno hili nililikosea jana, nilipoliacha nusu. Leo sijakosea. Radhi siombi."