Bangili Moja Iliyobaki

Shati nililitambua kabla sijamtazama aliyelivaa. Lilikuwa la mistari ya kijani, nililompelekea mdogo wangu siku ile aliyokamatwa, kola yake nimeigeuza mwenyewe kwa sindano. Sasa lilikuwa linatoka kwenye mlango mdogo wa mahabusu, na ndani yake yumo mwanamume ambaye sijapata kumwona tangu nizaliwe.

"Dada!" akaniita, mikono kaifungua kama mtu aliyerudi safari. "Dada yangu, umekuja!"

Akanikumbatia. Huku tabasamu lake likiwa bado linatazamwa na askari wa lango, akaninong'oneza sikioni. "Tembea tu, dada. Twende mpaka pale kwenye kona, mimi nishike njia yangu. Ndugu yako utampata baadaye. Nakusihi."

Mimi ni msusi. Kutwa nzima nimesimama nyuma ya vichwa vya watu naongea, na mtaa mzima unajua kwamba mdomo wangu hauna breki. Sikutembea hata hatua moja. Nililikamata lile shati kwa mikono yote miwili, nikapiga ukelele uliowatoa hata wapishi jikoni.

"Huyu siye! Mdogo wangu yuko wapi? Mmempeleka wapi?"

Wakatuvuta ndani wote wawili.

Mdogo wangu ni fundi wa kushona makochi. Mtaani wanamwita Kocha, na wageni hudhani anafundisha mpira, yeye ambaye hajawahi kupiga hata chandimu. Alinunua cherehani kuukuu kwa mpita njia, kumbe ya wizi, akabebwa yeye na cherehani yake. Mwenye mali alipomwona mahakamani anavyotetemeka, alisema hana kesi na mtu kama huyu, na hati ya kumwachia ikatoka. Nilikuwa nimefunga saluni. Mama alikuwa amefua mashuka na kuyatandika kwenye kitanda chake.

Na Kocha ana kigugumizi. Maneno mengi huwa anayakwepa kwa kuzunguka. Neno likimkwama analiacha na kutafuta jingine la maana hiyohiyo. Lakini jina lako utalizungukia wapi? Hakuna neno linalomkwama kama jina lake. Ndiyo maana tangu tukiwa wadogo, mimi ndiye niliyekuwa namjibia, shuleni, zahanati, hata kwa wateja wake. "Jina lake ni hili," nasema, yeye anaitikia kwa kichwa, mambo yanakwenda. Sikuona ubaya wowote.

Ofisi ya mapokezi ilikuwa chumba chembamba chenye kaunta ya mbao, feni isiyozunguka na karatasi ya maagizo iliyobandikwa ukutani, imepauka mpaka haisomeki. Nyuma ya kaunta alikaa mama mmoja wa makamo, mkuu wa mapokezi, miwani imemshuka puani. Alimtazama yule mwanamume, akatazama bangili ya plastiki ya njano mkononi mwake, akatazama picha kwenye kompyuta.

"Jina ni lake, bangili ni yake, picha ni yake," akaniambia. "Wewe mama una nini?"

"Nina ndugu," nikamjibu. "Naomba nipewe wangu."

Hapo ndipo askari mmoja mnene aliyekuwa ameegemea kabati akakohoa. Yaliyotoka mdomoni mwake yalitoka kwa kuvutwa, lakini yalitoka. Upele ulikuwa umeingia mahabusu. Ikaamriwa watu wote wapakwe dawa, na kwa kuwa dawa haikufika chini ya zile bangili, zikakatwa zote. Watu wakapangwa uani, wamejifunga vitambaa, mwili unawasha, jua kali. Askari akashika bangili mpya na kuanza kuita majina. Anayeitika ananyoosha mkono, anafungwa, anapigwa picha mpya. Njano ni wa makosa madogo, wanalala upande wa bustani. Nyekundu ni wa mauaji na ujambazi, wanalala nyuma kabisa, ambako hata askari huingia wawili wawili.

"Uliwauliza majina yao, au uliyataja wewe wakaitika?" mkuu wa mapokezi akamwuliza.

"Afande, watu wote wale! Ningemaliza lini?"

"Nimekuuliza swali."

"Niliyataja." Akajifuta shingo. "Lakini hesabu ilikubali. Mwisho alibaki mtu mmoja na bangili moja. Nikamwuliza, wewe si ndiye huyu? Akabaki kaachama mdomo tu. Nikajua ananifanyia kiburi."

Nilimwona Kocha kama vile nilikuwepo. Jina lake linaitwa, anafungua mdomo, sauti haitoki, na aliye pembeni yake anasema "Naam!" na kunyoosha mkono. Kisha bangili ya mwisho inakuja, jina si lake, anafungua mdomo akatae, na kukataa nako kunamkwama.

"Ulimpiga?" nikamwuliza askari.

Akauvuta mkanda wake juu.

"Bangili iliyobaki ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyekundu," akasema.

Yule aliyevaa shati la mdogo wangu, alilokabidhiwa kwa jina lake wakati wa kutoka, alikuwa ametulia kwenye benchi, mguu juu ya mguu. Wenzake walimwita Msumari, na alikuwa anangojea kesi ya kumuua mtu kwa kisu. Alipoona natazama, akaniinamishia kichwa kwa adabu, kama shemeji.

Kocha akaletwa.

Alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Bangili nyekundu ilikuwa inacheza mkononi, na vidole viwili vya mkono wa kulia, vile anavyoshikia sindano, vilikuwa vimevimba na kufungwa pamoja kwa kipande cha kitambaa. Nikataka kumrukia nimshike. Mkuu wa mapokezi akanyoosha mkono kunizuia.

"Mama, ukae hapo. Sasa nafanya inavyotakiwa kufanywa. Kila mtu aseme jina lake kwa kinywa chake. Mtu asitaje, asidokeze, asimsaidie. Umenielewa?"

"Afande, huyu ana kigugumizi. Mimi nina picha zake kwenye simu, hapo langoni..."

"Picha nitaziona. Kwanza nimsikie mwenyewe."

Akaanza na Msumari. Yule mtu akasimama wima, akataja majina ya mdogo wangu yote matatu, mwaka aliozaliwa, jina la mama yetu, na akaongeza kazi yake ya makochi bila kuulizwa. Baadaye nilijua waliwahi kukaa benchi moja siku ya kuingia, na Kocha, kwa upole wake wa kijinga, alimjibu kila alichoulizwa, taratibu, na Msumari alikuwa na subira ya kumsikiliza mpaka mwisho. Mtu wa kwanza humo ndani kumsikiliza.

"Na wewe?" mkuu wa mapokezi akamgeukia Kocha. "Unaitwa nani?"

Niliuma midomo. Jina lilikuwa limenijaa mdomoni nikaona nitapasuka. Nikamtazama usoni, nikisubiri lile jicho linalofumba nusu, kidevu kinachopanda, mshipa wa shingo unaosimama. Ndivyo huanza, miaka yote.

Hakikupanda kitu. Kocha alisimama miguu pamoja, macho mbele, akataja jina la Msumari, lile la kwenye bangili nyekundu. Lote. Lilimtoka kama maji, bila kukwama hata kidogo, halafu akasema "afande", na hapohapo akaficha mikono yake kwapani.

Sijawahi kumsikia ndugu yangu akizungumza kwa ufasaha namna ile, na naomba nisisikie tena.

"Kocha!" nikapiga kelele. "Ni mimi! Sema jina lako!"

Hakunigeukia. Macho yake yalikuwa kwenye mkanda wa askari mnene.

Simu yangu ikaletwa. Mkuu wa mapokezi akatazama picha moja moja: Kocha na mama, Kocha na kochi jekundu la mteja, Kocha anacheka kibarazani. Akavua miwani, akayapangusa macho. Nadhani aliniamini. Lakini kuamini ni kitu kimoja, na kuandika ni kingine.

"Huyu wa shati hatoki leo," akasema. "Alama za vidole zilichukuliwa kituo cha polisi siku walipokamatwa. Tutaziomba. Mpaka zije, kila mmoja anabaki alipo."

"Anabaki wapi? Kule nyuma? Afande, mtazame vidole vyake!"

"Mwenyewe amejitaja kwa jina la mshtakiwa wa mauaji, mbele yangu na mbele yako. Nikimlaza na wezi wa kuku, akamdhuru mtu, nani atajibu?"

"Basi mtenganishe! Mfungie hata stoo!"

"Stoo imejaa magodoro ya upele," akasema, na alisema kwa huzuni ya kweli, jambo lililonichoma zaidi kuliko kama angenitukana.

Wakamwondoa. Mlangoni nilimwita tena kwa jina lake, lile la nyumbani na lile kamili. Hakugeuka. Askari akaita jina la Msumari, na Kocha akaitika papo hapo.

Nyumbani mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kile kitanda kilichotandikwa. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akilainisha mto kwa kiganja.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "kwa nini hukumsemea?"

Nilikwenda uani nikalia mpaka kichwa kikauma.

Zile alama zilichelewa. Kila asubuhi nilikuwa langoni kabla sijafungua saluni, na kila asubuhi niliambiwa zinakuja. Nikawa nasuka wateja kwa hasira mpaka wanalalamika vichwa. Siku alama zilipofika, mkuu wa mapokezi alinipigia mwenyewe. Vidole vya mwenye bangili nyekundu ni vya fundi makochi. Nije nimchukue.

Tulipangwa foleni mbele ya ile kaunta ya mbao, wanaotoka upande mmoja, ndugu zao nyuma. Mkuu wa mapokezi hakuwepo. Nyuma ya kaunta alikaa yule askari mnene, na rundo la hati mbele yake. Ukutani walikuwa wamebandika karatasi mpya ya maagizo, herufi kubwa nyeusi, kwamba mtu aulizwe jina, asitajiwe, bado inanukia gundi.

Kocha alikuwa kwenye shati lake la mistari ya kijani, limemzidi sasa. Vidole viwili vilikuwa vimeunga vibaya, vimepinda kuelekea ndani. Fundi yeyote angejua, kwa kutazama tu, kwamba mkono ule hautashona tena kochi la mtu. Nililijua hilo na nililimeza. Nilitaka kitu kimoja tu, nimtoe akiwa yeye.

"Jina?" askari akauliza, bila kuinua macho.

Kocha akafungua mdomo. Kidevu kikapanda. Jicho likafumba nusu. Mshipa wa shingo ukasimama, na sauti ya kwanza ya jina lake ikagota palepale inapogota siku zote, ikagonga na kugonga. Nikajikuta nacheka kwa furaha. Alikuwa yeye.

Nyuma yangu mtu akasonya. Mwingine akasema tutalala hapa.

Askari akatazama hati, akatazama foleni, akapumua kwa nguvu. Akalisoma jina la mdogo wangu kwa sauti.

"Si ndiye wewe? Sema ndiyo, twende."

Kidevu cha Kocha kikashuka. Miguu ikajipanga. Mikono ikaingia kwapani.

"Ndiyo, afande," akajibu, upesi, laini.

Askari akainua muhuri.

Nikaweka kiganja changu juu ya ile hati. Muhuri ukasimama hewani, juu ya kucha zangu.

"Hapana," nikasema. "Muulize tena. Na usimjibie."

"Mama, jina si ni hilo? Unataka nini tena? Ondoa mkono."

"Gonga juu ya mkono ukitaka. Wewe ulimtajia jina siku ile, na umemtajia leo. Muulize."

Foleni ilianza kunguruma. Nikawageukia, nikawaambia asiyeweza kungoja akalale humo ndani, nafasi zipo.

Askari aliweka muhuri chini. Alitazama ile karatasi mpya ukutani, kisha vidole vya mdogo wangu, na sijui ni kipi kati ya hivyo kilichomfanya ashushe sauti.

"Unaitwa nani?"

Kocha akanitazama. Alikuwa ananisubiri mimi, kama siku zote, na jina lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nikaufunga mdomo, nikautazama ukuta.

Akatoa mkono mmoja kwapani. Kidevu kikaanza kupanda.

Tukasubiri.