Injini Haina Tatizo, Dada

Mimi ni msusi, na wateja wangu wanajua kwamba mikono yangu ikishika kichwa cha mtu, mdomo nao unafanya kazi. Kwa hiyo msije mkasema yule mkuu wa gereji nilimwonea. Nilimwambia ukweli tu, ila kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Nilimpa jina la Bwana Pole. Kila nikiingia pale kwenye kaunta yake, kabla sijafungua kinywa, yeye keshasema, "Pole sana, dada." Shati jeupe, kola imenyooka, kalamu mfukoni. Gari tulilinunua kwao likiwa jipya, lina waranti, na kazi yake kubwa ilikuwa moja: kumpeleka mama hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu, kila Jumatatu na Alhamisi. Sasa kila tukiupanda mlima wa hospitali, taa nyekundu inawaka, injini inakohoa, halafu kimya.

Mara ya kwanza wakabadilisha kitu cha umeme. Mara ya pili wakabadilisha pampu. Mara ya tatu hawakubadilisha chochote.

"Tumeikagua yote, dada," Bwana Pole akasema. "Injini haina tatizo. Hata nje ni safi kuliko zote zilizomo humu ndani."

"Haina tatizo? Basi mimi ndiye ninayeizima kwa macho?"

"Pole sana."

"Hiyo pole yako itie kwenye tangi, tuone kama gari litatembea!"

Mafundi waliokuwa chini ya magari wakachungulia. Bwana Pole akanieleza taratibu kwamba waranti inakwisha mwisho wa mwezi, na kwamba bila kuliona kosa kwa macho yake hawezi kuwaomba wakubwa wake injini mpya. Upole wake ndio ulionipandisha hasira zaidi. Mtu ukimfokea, na yeye akufokee kidogo, mmalizane.

Jumatatu iliyofuata ndiyo iliyonimaliza. Gari lilizimika mlimani, mama yuko kiti cha nyuma, jua linachoma. Baba akashuka, akafungua boneti, akainama huko peke yake kama kawaida yake, maana hataki mtu asogee. Mpaka injini ipoe na kuwaka tena, zamu ya mama kwenye mashine ilishapita, ikabidi turudi. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Nesi akanipigia simu: huyu mama asikose tena Alhamisi, mwili wake hauwezi. Nikampelekea mama maneno hayo chumbani. Akageukia ukutani.

"Siendi tena, mwanangu," akasema. "Nimechoka kuwasumbua. Gari lenu limesema basi, na mimi nimesema basi."

Mimi huyu, mwenye mdomo wangu, nikamfunika miguu tu. Nilitoka uani nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa wazazi kuchukua gari. Nilikuwa nimeshajipangia maneno ya kumwambia Bwana Pole, mengine siwezi kuyarudia hapa. Nikamkuta baba uani, boneti iko wazi, ndoo ya maji ya sabuni pembeni, ameinama na mswaki mkononi, anasugua injini.

Hapa lazima mumjue baba. Mpaka anastaafu alikuwa dobi wa hoteli. Mashuka, vitambaa vya meza, sare za wapishi. Doa halikutoka salama mikononi mwake. Nyumbani kwetu hata mwenye homa alikuwa anaogeshwa kwanza ndipo apelekwe kwa daktari. Na tangu mama augue, yeye ndiye anayemwogesha, hamwachii mtu.

"Baba, unafanya nini?"

"Naliandaa gari. Si linaenda kwa mafundi?"

Nikatazama chini. Maji yaliyokuwa yanatiririka kuelekea mtaroni yalikuwa meusi, mazito, yanang'aa mafuta.

"Hayo mafuta yametoka wapi?"

"Huwa linajichafua kidogo tukitoka safari," akasema, bado anasugua. "Ukilisafisha linatakata."

"Na oili yake?"

"Naongeza. Linapungukiwa kila safari. Kabla halijaenda gereji nalijaza vizuri. Unataka watu wa watu waseme hatulitunzi?"

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hasira yote niliyombebea Bwana Pole ikamgeukia yeye.

"Baba! Oili inavuja, wewe unaifuta! Inapungua, wewe unajaza! Fundi ataona nini? Miezi yote hii nimemtukana mtu wa watu bure!"

Baba akasimama. Mswaki ukabaki unachuruzika kwenye suruali yake, na yeye hana habari.

"Kwa hiyo Jumatatu," akasema polepole, "ni mimi niliyemkosesha mama yako mashine?"

Loo, natamani ningekuwa nimeuma ulimi. Nikamwambia hapana, baba, kinachovuja ni injini, si wewe. Lakini uso wake ulikuwa umeshabadilika. Aliweka mswaki kwenye ndoo kwa uangalifu na kuingia kwenye gari.

Tuliondoka wawili tu, tukashika njia ya hospitali badala ya gereji. Mlimani gari likazimika kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza nikasema alhamdulillahi. Nikampigia Bwana Pole: njoo mwenyewe na gari la kuvuta, na hapa hakiguswi kitu. Baba akatoa kitambaa mfukoni. Nikampokonya. Akafunga mikono nyuma, akawa anaitazama ile injini imelowa oili mpaka chini, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wageni.

Bwana Pole alipofika alipiga magoti lamini na shati lake jeupe, akaingiza mkono nyuma ya injini. Ulitoka mweusi hadi kwenye kiwiko.

"Sasa nimeliona," akasema.

"Mwanangu, usidhani tunaliacha hivi," baba akamwambia. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Najua, mzee," akasema. "Mafundi wangu wakilipokea gari lenu wananawa mikono kwanza."

Akapiga picha, akawapigia wakubwa wake palepale, akasimama kidete nao mpaka wakakubali injini mpya. Halafu akatupa gari la gereji la kutumia kwa muda. Nikamwomba radhi kwa maneno yote niliyomtupia. Akasema, nadhani mnajua alisema nini.

Baba alikuwa amesaidia kulifunga gari letu kwenye la kuvuta, mikono ikajaa oili, na nyumbani hakunawa. Aliingia chumbani na mikono yake yenye oili, akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo siku nyingine angemfukuzia mtu. Mimi nikabaki mlangoni.

"Ni mimi, mama watoto," akasema. "Mafundi walikuwa hawaoni ugonjwa kwa sababu mimi nilikuwa nauficha. Niliona aibu waione injini ilivyochafuka. Nisamehe. Gari la kesho lipo, ni zima. Twende."

Mama hakugeuka, bado anatazama ukuta.

"Si gari," akasema.

"Nini?"

"Si gari linalonishinda. Ile mashine inanikaza misuli ya miguu. Inanikaza mpaka natamani kupiga kelele. Siku lilipozimika, Mungu anisamehe, nilifurahi." Akameza mate. "Na nesi akipita akiniuliza unajisikiaje, mama, namwambia sijambo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ningemwambiaje? Pana watu pale."

Baba akaushika mguu wake uliovimba kwa mikono miwili, oili ikaenea kwenye shuka.

"Kesho utamwambia," akasema. "Ukishindwa, nitamwambia mimi. Nitakuwa pale pale kando yako."

Mama akageuka. Akamtazama usoni, akatazama mikono ile, akatazama shuka.

"Kesho tunatoka saa ngapi?" akauliza.